"Okei, okei": bili ya pauni 32 ilivyogeuka pauni 102.30

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 2023, saa nane mchana, mama mdogo aligonga mlango wangu hapa Reading akiwa bado na sare ya kazi. Anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulea wazee, na tangu atoke kazini asubuhi alikuwa hajalala. Hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. Alinikabidhi simu mpya, kioo bado kina plastiki yake ya dukani, akasema, "Mwanangu, nisomee hii. Mimi nimeisoma mara tatu, naona kama macho yananidanganya."

Ilikuwa bili yake ya simu. Kwa miaka miwili mfululizo alikuwa analipa pauni 32 kwa mwezi. Hii ilidai pauni 102.30, na chini yake palikuwa na tarehe ambayo fedha zingekatwa benki: 10 Novemba.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila nikikaa na wenzetu hapa Uingereza nasikia habari ile ile. Mtu kapigiwa simu, kaahidiwa simu mpya, mwezi unaofuata bili imepaa. Wapo wanaolipa wakinung'unika, na wapo wanaokwenda benki kuzuia makato kwa hasira. Nimejifunza kwamba ndani ya bili moja kuna vipande ambavyo mteja ana haki navyo kabisa na vipande ambavyo hana. Akivigombania vyote kwa pumzi moja, vile vya haki navyo vinamponyoka.

Mazungumzo ya dakika 11

Mkataba wake wa zamani ulikuwa wa miezi 24 na ulikuwa umekwisha. Katika zile pauni 32, pauni 26 zilikuwa za simu na laini kwa pamoja, na pauni 6 zilikuwa za kifurushi cha dakika 100 za kupiga Tanzania. Kifurushi hicho ndicho roho ya kisa hiki. Bibi yetu yuko Muheza. Ana kitochi chake, na simu janja hataki hata kuishika, kwa hiyo WhatsApp haimfikii. Mama mdogo akitaka kuisikia sauti ya mama yake hupiga simu ya kawaida, namba inayoanza na 255. Na Oktoba ile bibi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho pale hospitali ya Bombo, Tanga. Mtoto wa kike aliye mbali atafanya nini? Alipiga karibu kila siku.

Jumatatu ya tarehe 16 Oktoba alikuwa kwenye basi akirudi kutoka kazini. Kijana wa kampuni ya simu akampigia. Matapeli wanaojifanya kampuni za simu ni wengi, lakini huyu alikuwa wa kampuni kweli. Akamwambia yeye ni mteja wa siku nyingi, mkataba umekwisha, anastahili kubadilishiwa simu, na malipo yatabaki "karibu na pale pale." Mama mdogo aliuliza swali moja tu, na namshukuru Mungu kwamba aliliuliza: na dakika zangu za Tanzania? Akajibiwa kwamba kila alichonacho sasa kitahamia kwenye mkataba mpya.

Mazungumzo yakiendelea, meseji yenye kiungo ikaingia. Kijana akamwomba akifungue na abonyeze pa kukubali ili oda ikamilike. Alibonyeza, basi linatikisika, begi liko mapajani. Jumatano ya tarehe 18 simu ikaletwa nyumbani.

Bili yenyewe

Nilichukua kalamu na karatasi, kwa sababu bili hizi hazisomeki kwa macho matupu. Bili ya mkataba huku huchanganya siku zilizopita na mwezi ujao, na ile ya kwanza baada ya kubadilishiwa mkataba ndiyo ngumu kuliko zote.

Mzunguko wa bili yake huanza tarehe 28. Mwishoni mwa Septemba alikuwa ameshalipa pauni 32 za mwezi mzima, mpaka tarehe 27 Oktoba. Mkataba mpya uliingia tarehe 16, kwa hiyo siku 12 za mkataba wa zamani zilibaki bila kutumika, wakamrudishia pauni 12.80. Kwa siku 12 hizo hizo wakamtoza laini mpya pauni 6.80. Kisha ukaja mwezi unaofuata: laini pauni 17, na simu yenyewe pauni 21. Ukijumlisha na kutoa unapata pauni 32 kamili. Mtu angeweza kuishia hapo akasema ahadi imetimizwa. Lakini yale marejesho ni ya mara moja tu. Kuanzia mwezi wa pili laini na simu ni pauni 38, na dakika za Tanzania hazimo. Ukizirudisha kwa pauni 6, ni pauni 44. Kutoka 32 hadi 44 si "karibu na pale pale."

Zilizobaki zilikuwa pauni 70.30, nazo zilikuwa na vichwa viwili. Pauni 9.50 za kifurushi cha filamu na michezo, ambacho mama mdogo hakukijua wala hakuwahi kukifungua. Na pauni 60.80 za kupiga Tanzania: dakika 38, kila dakika pauni 1.60. Kifurushi chake cha zamani hakikuhamia. Kilikufa siku ile ile ya tarehe 16, na kuanzia hapo kila alipomuuliza bibi jicho linaendeleaje, mashine ilikuwa ikihesabu.

Nyumbani jambo hili lingejikata lenyewe. Tunaweka vocha, tunanunua bando, salio likiisha simu inakatika katikati ya sentensi na hakuna deni. Mkataba wa huku hauna mwisho huo. Unaongea mpaka unamaliza, na bei unaiona mwisho wa mwezi. Nadhani wengi wetu tunaingia kwenye mikataba hii tukiwa bado na akili ya vocha.

Nikafungua barua pepe yake. Muhtasari wa mkataba ulikuwamo, haujasomwa. Tangu 17 Juni 2022, kanuni za Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, zinailazimu kampuni kumpa mteja muhtasari wa maandishi kabla hajafungwa na mkataba. Na walikuwa wameutuma. Uliandika wazi: laini pauni 17 kwa miezi 24, simu pauni 21 kwa miezi 36. Kwamba simu ni miezi 36 hakuwa na habari kabisa. Ni mikataba miwili, mmoja wa huduma na mmoja wa mkopo wa simu, na ule wa mkopo unaendelea mwaka mzima baada ya ule wa huduma kwisha. Pauni 756 kwa jumla, kwa simu ambayo yeye anatumia kupiga, kupokea, na kuangalia picha za wajukuu.

Siku moja iliyobaki, na kosa langu

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko wote katika kisa hiki, na bado naufikiria.

Mtu akiingia mkataba kwa njia ya simu au mtandao, kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013 zinampa siku 14 za kuuvunja bila kutoa sababu. Kwa huduma ya laini zinahesabiwa kuanzia siku ya makubaliano, kwa hiyo zilikuwa zinaisha kesho yake, Jumatatu tarehe 30. Kwa bidhaa zinahesabiwa kuanzia siku ya kuipokea, yaani simu ilikuwa na mpaka 1 Novemba. Barua pepe moja ya mistari mitatu Jumapili ile ingetosha. Kinachotazamwa ni kwamba taarifa imetumwa ndani ya muda. Kurudisha simu yenyewe kungekuja baadaye, ndani ya siku 14 nyingine.

Nilimweleza. Akaniuliza akirudisha simu atatumia nini, maana ile ya zamani alikuwa ameshampa mtu anayesafiri aipeleke Tanga kwa binamu yangu. Pia kuvunja mkataba kusingefuta zile pauni 60.80 moja kwa moja, kwa sababu mteja aliyeomba huduma ianze mara moja anaweza kudaiwa alichotumia kabla ya kujitoa. Tungeokoka na miezi 36, lakini bili iliyo mezani ingebaki kugombaniwa vile vile.

Nikamwambia tupige kwanza kesho, pengine watarekebisha. Hilo lilikuwa kosa langu. Ningemshauri atume ile taarifa ya kujitoa usiku ule, kisha apige akiwa na ulinzi huo mkononi. Kampuni ingetaka kumbakiza ingempa masharti mapya. Kwa kupiga kwanza tuliuacha mlango ufungwe.

Jumatatu tulisubiri na kuongea dakika 47 kwa jumla. Mhudumu alikuwa mpole sana. Akasema ameandika maelezo kwenye akaunti, akampa pole, akampa ofa ya pauni 10 ili jambo liishe. Mama mdogo alikuwa tayari kushukuru na kukata. Nikamgusa mkono. Nilimwomba mhudumu atuambie kama amesajili malalamiko rasmi, akasema hapana, amesajili ulizo. Kwenye vitabu vyao ulizo halina saa inayotembea, yaani halina muda wa mwisho; lalamiko linao. Pauni 10 tukazikataa kwa heshima, kwa sababu aliziita za kumaliza suala.

Kabla ya kukata tulifanya mambo matatu ambayo hayakuwa na ubishi. Tulirudisha kifurushi cha Tanzania kwa pauni 6. Tuliondoa filamu na michezo. Na tuliweka kikomo cha matumizi ya nje ya mkataba kuwa sifuri, ili dakika zikiisha simu ikatae kama inavyokataa nyumbani salio likiisha. Kampuni zote za simu za mkononi Uingereza zinawajibika kumpa mteja nafasi ya kuweka kikomo hicho tangu 1 Oktoba 2018, na hakilipiwi. Kama bili yako ya mkataba haina kikomo, kiweke leo kabla ya kulala.

Kulipa au kutolipa

Wiki ile mama mdogo alipigiwa na watu wasiopungua wanne, kila mmoja akimshauri afunge makato ya moja kwa moja benki. "Wakose hela, ndio watakutafuta." Kwenye kikundi cha wanawake wa kanisani walimwambia hivyo hivyo.

Mimi nilipinga, na bado napinga. Kampuni ikikosa malipo haikutafuti kwa mazungumzo. Inaandika kwamba hukulipa, na maandishi hayo yanakwenda kwenye rekodi yako ya mikopo huko Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi hizo. Deni likifikia kuandikwa kwamba umeshindwa kabisa kulipa, alama hiyo inakaa miaka 6. Benki unayoiomba mkopo wa gari inaiona. Kwa mtu aliyehamia, ambaye ameijenga rekodi hiyo kutoka sifuri, hasara inaweza kupita pauni 70 mara nyingi. Na wanaotegemea ile dhamana ya benki ya kurudisha makato wajue kwamba imewekwa kwa makosa ya ukataji, kama kiasi au tarehe tofauti na ulivyoarifiwa. Haiamui ugomvi wa mkataba.

Kwa hiyo alilipa zote 102.30 tarehe 10 Novemba. Iliuma, maana mwezi huo alikuwa ametuma fedha za hospitali. Lakini kabla hajalipa tulikuwa tumeshaandika.

Barua ya 2 Novemba

Tuliandika Alhamisi jioni kupitia sehemu ya malalamiko ya kampuni, na nakala kwa barua pepe. Mstari wa kwanza ulisema hili ni lalamiko rasmi, si ulizo. Kisha tukatenganisha mambo kwa namba za fedha, kwa sababu niliogopa mtu wa upande wa pili asome hasira na asione hoja. Ilikuwa hivi, kwa Kiswahili:

"Napinga pauni 60.80 kwa sababu niliuliza kuhusu dakika za Tanzania nikaambiwa zitahamia. Napinga pauni 9.50 kwa sababu sikuomba kifurushi hicho. Napinga bei ya mwezi kwa sababu niliambiwa itabaki karibu na ninayolipa. Nitalipa bili hii ili akaunti yangu isiharibike, na kulipa kwangu si kukubali kwamba ni sahihi. Naomba mrekebishe au mnipe jibu lenu la mwisho kwa maandishi."

Siku iliyofuata tukatuma ombi la pili, tofauti kabisa, kwa idara yao ya taarifa binafsi. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni, bure, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Sauti yako kwenye kinasa ni taarifa yako. Tukaomba rekodi za mazungumzo ya 16 na 30 Oktoba, maelezo yote yaliyoandikwa kwenye akaunti, na picha ya ukurasa aliobonyeza kwenye kile kiungo. Ukiandika tarehe na saa ya mazungumzo, unapunguza nafasi ya kuambiwa rekodi hazikupatikana.

Kusikiliza kinasa

Rekodi zilifika 1 Desemba. Tulizisikiliza pamoja, chai mezani.

Mambo mawili yalikuwa wazi mara moja. Dakika ya nne mama mdogo anauliza kuhusu Tanzania, na kijana anajibu bila kusita kwamba kila alichonacho kitahamia. Maneno yako pale, safi. Na mahali popote katika dakika zile 11 hakuna swali kuhusu kikomo cha matumizi.

Jambo la tatu lilimfanya anyamaze. Katika dakika 11 anasema "okei" mara 23. Kijana anasema simu itakuwa pauni 21, okei. Laini pauni 17, okei. Anataja miezi 36, haraka, katikati ya sentensi ndefu kuhusu kamera, okei. Anasema, "nimekuwekea pia filamu na michezo, wateja wengi wanapenda, ukitaka kuitoa utaitoa mwenyewe kwenye programu," okei.

"Nilikuwa namwitikia tu," mama mdogo alisema. "Ningekaa kimya mtu ananieleza?"

Namwelewa kabisa. Kwetu mtu akikueleza jambo huwezi kumwacha aongee na ukuta. Unaitikia: ehee, naam, haya, sawa. Hiyo ni adabu ya msikilizaji, inamwambia msemaji kwamba upo naye. Kukubali kunakuja mwisho, baada ya kunyamaza kidogo na kufikiri, na mara nyingi kunakuja kesho yake. Mama mdogo aliihamisha adabu hiyo kwenye Kiingereza, na kwenye kinasa ikasikika kama mteja anayekubali kila kitu mara 23. Hakuna aliyemdanganya hapo kwa makusudi. Sidhani kama yule kijana alijua.

Kipi kilikuwa na nguvu

Baada ya kinasa nilizipanga upya hoja zetu, na moja nikaiona imelegea.

Hoja ya dakika za Tanzania ilikuwa imara. Sheria ya haki za walaji ya 2015, kifungu cha 50, inasema kwamba maneno ambayo mfanyabiashara anamwambia mteja kuhusu huduma, kwa mdomo au kwa maandishi, yanakuwa sehemu ya mkataba ikiwa mteja aliyategemea alipoamua. Aliuliza, akajibiwa, akakubali. Muhtasari wa maandishi haukusema neno lolote kuhusu kifurushi hicho, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuyapunguza maneno yale.

Filamu na michezo, imara pia. Kanuni ya 40 katika zile za 2013 inataka mteja akubali waziwazi malipo ya ziada kabla hajafungwa nayo. Ukimya hautoshi, wala kisanduku kilichotiwa tiki tayari ambacho mteja anatakiwa akiondoe. Picha ya ukurasa waliyotutumia ilionyesha tiki hiyo ikiwa imewekwa tangu ukurasa ulipofunguka.

Bei ya mwezi ndiyo iliyolegea. Ni kweli kijana alisema "karibu na pale pale." Lakini kifungu hicho hicho cha 50 kinasema maneno yanasomwa pamoja na yale mengine yaliyosemwa au kuandikwa wakati huo huo na kuyawekea mipaka. Dakika tatu baada ya ahadi yake alizitaja pauni 21 na pauni 17, na muhtasari aliobonyeza ulizirudia. Nilimwambia mama mdogo kwamba tutaidai, pauni 12 kwa miezi 24 ni pauni 288, lakini asiipangie matumizi. Nilitaka alisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mtu asiyemjua.

Tukaandika tena tarehe 4 Desemba, tukitaja dakika na sekunde za kinasa. Jibu la mwisho lilikuja tarehe 14: hawakubali, ila wanatoa pauni 25 kama ishara ya nia njema, na barua hiyo ni ya mkwamo, yaani ya kusema kwamba kwa upande wao mazungumzo yamefika mwisho. Barua ya mkwamo usiikasirikie. Kwa kanuni za wakati ule mteja alitakiwa kusubiri wiki 8 tangu alalamike kabla ya kupeleka suala kwa msuluhishi huru, ambazo kwetu zingeisha 28 Desemba, isipokuwa kampuni ikitoa barua hiyo mapema. Ilitufungulia mlango wiki mbili kabla.

Ofcom yenyewe haiamui ugomvi wa mteja mmoja mmoja. Kazi hiyo inafanywa na vyombo huru vya usuluhishi vinavyoidhinishwa nayo. Viko viwili, Communications Ombudsman na CISAS, na kila kampuni ya simu ni lazima iwe chini ya kimojawapo. Mteja halipi chochote. Mteja akiukubali uamuzi, kampuni inafungwa nao. Asipoukubali, anaweza bado kwenda mahakamani.

Tulipeleka tarehe 15 Desemba: bili, muhtasari, picha ya ukurasa, barua zote, na karatasi moja ya nukuu za kinasa zenye dakika zake. Hatukuandika insha.

Uamuzi

Ulikuja Februari 2024. Dakika za Tanzania: kampuni irudishe pauni 58.40. Mama mdogo akauliza kwa nini si 60.80. Nilipopiga hesabu niliona mwamuzi amekata pauni 2.40, ambazo kifurushi kingemgharimu kwa siku zile 12 kama kingehamia kweli. Ni haki, na kusema kweli mimi sikuliona hilo. Filamu na michezo: pauni 9.50 zote. Kwa usumbufu, na kwa kutosajili lalamiko siku ya kwanza: pauni 40. Jumla pauni 107.90.

Bei ya mwezi: hapana. Miezi 36: hapana. Mwamuzi aliandika kwamba taarifa zilitolewa kwa maandishi na mteja alikuwa na siku 14 za kubadili mawazo. Niliposoma mstari huo niliikumbuka Jumapili ile, mlangoni kwangu, tukiwa na siku moja mkononi.

Mama mdogo aliukubali uamuzi. Fedha ziliingia kama punguzo kwenye bili mbili zilizofuata.

Aprili akanipigia. "Mwanangu, wamerudia." Laini ilikuwa imepanda kutoka pauni 17 hadi 18.34. Lile halikuwa kosa la bili. Mikataba mingi ya wakati ule ilikuwa na sharti la kupandishwa kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei wa Desemba kuongeza asilimia 3.9. Desemba 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 4.0, kwa hiyo nyongeza ikawa asilimia 7.9. Sharti lilikuwamo kwenye muhtasari, ukurasa wa pili. Ofcom imezuia kuweka sharti la aina hiyo katika mikataba mipya kuanzia 17 Januari 2025, na sasa nyongeza yoyote ni lazima itajwe kwa pauni na peni siku ya kuingia mkataba. Wake ulikuwa wa kabla ya hapo. Sikuwa na la kumpigania, nikamwambia hivyo.

Septemba 2025 ilimfikia taarifa kwamba mkataba wa laini unakwisha mwezi unaofuata. Kampuni zinalazimika kuituma tangu Februari 2020, na safari hii aliisoma mwenyewe. Siku chache baadaye akapigiwa tena na sauti ya kijana mwingine mwenye habari njema. Alimsikiliza bila kuitikia, nami najua ilivyomgharimu kukaa kimya namna ile. Kisha akamwomba amwandikie kila kitu kwa barua pepe, akamtakia siku njema, akakata.

Laini ameihamishia kampuni nyingine kwa namba ile ile, mwezi mmoja mmoja, dakika za Tanzania zimo. Mkopo wa simu umebaki kule kule, pauni 21 kila mwezi mpaka Oktoba 2026. Siku alipohama zilikuwa zimebaki pauni 252.